Kwa Nini Twasali, na Mungu Hutujibuje?



Liko swali moja liulizwalo sana katika mafundisho huku kando ya ziwa letu, nalo halifai kupitwa haraka. Mwaka 2020, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili, mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukachukua nyumba na watu. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe likapanda. Mwaka 2024 maji yalifunika bandari ya Kalundu na kuingia katika nyumba za Kavimvira. Watu walisali, na maji hayakurudi upesi. Basi mkatekumeni huuliza: Je, Mungu hakusikia? Na kama hakusikia, kwa nini twafundishwa kusali asubuhi na jioni?

Kabla ya kujibu, yatupasa kuondoa kosa moja. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mtu mwenye shida alikwenda kwa mganga. Alipeleka kuku au fedha, akapewa hirizi na mwiko wake. Dawa isipofaa, mganga husema: umevunja mwiko. Desturi hiyo hutufuata hata mlangoni pa kanisa. Mtu huvaa rozari shingoni kama avaavyo hirizi. Mwingine huhesabu Salamu Maria kama ahesabuye fedha sokoni, akidhani ya kuwa hesabu ikitimia Mungu hana budi kutoa. Hasha! Mungu hanunuliwi. Sala ni mtoto kusema na Baba yake. Mitume walipomwomba Bwana wetu Yesu Kristu awafundishe kusali, hakuwapa maneno ya siri yenye nguvu za uchawi. Aliwafundisha kumwita Mungu Baba.

Mtu atasema: Baba huyo ajua yote, hata njaa yangu aijua kabla sijafungua kinywa. Nimwambie nini tena? Kweli, ajua. Lakini tazameni nyumbani kwenu. Mama ajua ya kuwa mwanawe ana njaa. Hata hivyo mtoto asiyemwamkia mama yake asubuhi, asiyesema naye mchana kutwa, asiyemshukuru akiisha kula, amekuwa mgeni katika nyumba ile, ingawa ameshiba. Mungu hataki tushibe tu. Ataka tuwe wanawe. Kwa hiyo kuomba vitu ni sehemu moja ya sala, wala si ya kwanza. Twasali tumwabudu Mungu, tumshukuru, tumwombe msamaha wa dhambi zetu. Ndipo tunapomweleza haja zetu na za jirani. Tena sala hutugeuza sisi wenyewe. Wavu uliokunjwa ndani ya mtumbwi hauvui kitu, hata samaki wakijaa pande zote. Samaki ni wa Mungu. Mwenye kusali ameutandaza wavu wake.

Wavuvi wetu wajua ya kuwa mwezi ukiwa mpevu, ndakala hawaifuati taa. Mvuvi mkristu hamwombi Mungu auzime mwezi. Siku hizo hushona nyavu zake, na giza likirudi aomba salama, kisha ashika kasia. Vivyo hivyo mama amwombaye Mungu awalinde watoto wake na kipindupindu, ugonjwa uliozoea sana mji wa Uvira, huchemsha maji yao ya kunywa. Na ikiwa twaomba kuokolewa na Mulongwe, huku twakata miti ya milima iliyo juu ya mji na kujenga katika njia ya mto, midomo yetu yasema neno moja na mikono yetu yasema jingine. (Watoto wa shule nao huwasha mishumaa mingi wakati wa mitihani. Mishumaa ni mizuri; ni heri iwe pia ya kusomea.)

Lakini ziko huzuni zisizotoka katika uvivu wetu. Mama amesali, amechemsha maji, amempeleka mtoto hospitali, na mtoto amekufa. Hapa yatupasa kunena kwa uangalifu. Wako wahubiri wasemao: imani yako ilikuwa haba, na wengine huongeza: leta sadaka kubwa zaidi. Msiwasikilize, wala msimwambie mfiwa neno kama hilo. Yesu mwenyewe, katika bustani ya Gethsemani, alimwomba Baba amwondolee kikombe cha mateso. Nani atasema imani yake ilikuwa haba? Kikombe hakikuondolewa. Mtakatifu Luka aandika ya kuwa malaika alikuja kumtia nguvu. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake; mwiba ulibaki, naye akapewa neema ya kuuchukua.

Tena mfano uko kwetu. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi ya Simba, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa huko Baraka. Siku ile ile Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert waliuawa Fizi. Watatu walikuwa wamisionari kutoka Italia. Abbé Albert alizaliwa kando ya ziwa hili hili, baba yake Mfaransa, mama yake mwenyeji. Padri Luigi alikuwa akiwaungamisha wakristu. Alipotoka na kuona mwenzake amekwisha kuuawa, alikataa kumwacha, akapiga magoti kando yake. Watu hao walisali kila siku ya maisha yao, na sala zao hazikuzuia risasi. Nasi tusiseme ya kuwa Mungu ndiye aliyezitaka risasi zile. Uovu ni wa watu walioutenda. Mungu aliwapa wasikimbie wala wasichukie. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa Wenye Heri kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko. Sasa twawaomba watuombee.

Basi Mungu husikia kila sala. Siku nyingine hutoa kile kile tulichoomba, nasi husahau kumshukuru. Siku nyingine hukawia, na sababu yake hatuioni. Na siku nyingine hatoi kile, bali yeye mwenyewe huja kukaa nasi katika taabu yetu. Kwa mama aliyefiwa, jibu hilo halifuti machozi. Yesu naye alilia kaburini kwa Lazaro.

Juma hili, semeni Baba Yetu polepole, asubuhi kabla ya kwenda shambani au ziwani, na jioni pamoja na watu wa nyumbani. Angalieni ni maombi mangapi yatangulia lile la chakula, na chakula chenyewe chaombwa cha siku ngapi. Kisha, katika mafundisho yajayo, kila mmoja atamweleza mwalimu: ni jambo gani nililoliomba nikapewa, na bado sijalishukuru?