Shule ya Misheni, Msichana wa Kigusii na Neno "Egesagane"

Historia ya elimu ya msichana wa Kigusii, katika Kisii na Nyamira, haiwezi kutenganishwa na historia ya misheni. Wamisionari wa Kikatoliki wa Mill Hill walifungua kituo Nyabururu mwaka wa 1911, nao Waadventista wakaingia Nyanchwa mwaka uliofuata. Mapokezi hayakuwa ya shangwe: mnamo Septemba 1914, Waingereza walipouhama mji wa Kisii kwa muda wakati wa vita na Wajerumani, vituo vyote viwili viliporwa. Hata hivyo, misheni zilirejea na shule zikamea. Leo Shule ya Upili ya Wasichana ya Nyabururu ni ya umma, na mfadhili wake ni Kanisa Katoliki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili nafasi katika malezi ya kiroho ya wanafunzi.

Malezi hayo yanapimwa na desturi moja. Kwa mujibu wa Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa 2014, asilimia 84 ya wanawake wa Kigusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 21. Sheria ya 2011 imeharamisha tendo hilo. Kwa nini basi jamii inayoienzi shule haijaliacha?

Sehemu ya jibu imo katika lugha. Msichana aliyekwisha kupitishwa katika mila huitwa "omoiseke", neno lenye kiambishi cha ngeli ya watu. Asiyekeketwa huitwa "egesagane", na kiambishi chake ni cha ngeli inayolingana na KI-VI ya Kiswahili, ile ile inayozaa "kijitu". Sarufi yenyewe inamshusha hadhi. Kiswahili nacho hakijasalimika: "tohara" hubeba maana ya usafi, ilhali "ukeketaji" hutaja ukataji waziwazi.

Bweni humkinga msichana muhula unapoendelea, lakini msimu wa mila huangukia likizo ndefu ya Novemba na Desemba, wakati shule imefungwa. Kinachoweza kuandamana naye hadi nyumbani ni ujasiri wa kutolitetemekea neno. Kwa hiyo dhima ya shule hizi haiishii katika ibada na mitihani. Darasa la lugha linapomfunza mwanafunzi kuchambua tusi, tusi hilo huanza kupoteza makali.