Pikipiki Isiyotaka Kuwaka

Hutokea mara nyingi kwamba pikipiki iliyolala nzima jioni hukataa kuwaka asubuhi. Mwenyewe huipiga kiki mpaka jasho likamtoka, kisha hushika spana akafungua kila kitu kwa pamoja. Ikiwa nyumbani yuko mgonjwa wa kupelekwa zahanati, haraka ya namna hii huongeza taabu. Yafaa basi kila mwenye pikipiki ajue utaratibu wa kutafuta kasoro.

Injini ya petroli hutaka mambo matatu ili iwake: petroli iliyochanganyika na hewa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche ya plagi. Likikosekana moja, haiwaki. Sharti tujue lipi limekosekana.

Kwanza, tazama yaliyo wazi. Je, petroli imo tangini? Koki yake imefunguliwa? Gea iko huru? Swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani haikuguswa na mtoto? Wako waliosukuma pikipiki mwendo mrefu hadi kwa fundi, naye akageuza swichi hiyo tu.

Pili, fungua plagi uitazame ncha yake. Ikiwa kavu ingawa umepiga kiki mara nyingi, petroli haifiki. Legeza skrubu iliyo chini ya kabureta, ukinge mafuta katika chupa. Yasipotoka, njia imeziba. Ukiona maji yametuama chini ya chupa, petroli imeingia maji, maana maji ni mazito kuliko petroli. Lakini plagi ikiwa imelowa, ama petroli imezidi, ama cheche haipo. Ikaushe na kuisafisha.

Tatu, jaribu cheche. Kabla ya yote, futa petroli iliyomwagika na uiweke chupa mbali. Usifanye kazi hii karibu na sigara wala kibatari, kwa kuwa mvuke wa petroli hulipuka ghafula na kuunguza watu. Chomeka plagi katika kofia ya waya wake, ulaze chuma chake juu ya chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka. Shika kofia ya mpira, usishike chuma. Washa swichi, mwenzio apige kiki. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Isipoonekana, jaribu plagi mpya kabla ya kulaumu waya au koili.

Ikiwa petroli yafika na cheche ipo, lakini kiki imekuwa nyepesi kuliko desturi, mgandamizo umepungua. Hapo mpelekee fundi.

Katika yote hayo, badili jambo moja, ujaribu, ndipo uendelee na la pili. Abadiliye mambo matatu kwa mara moja, hata pikipiki ikiwaka, hajui ni lipi lililoiponya, na kesho atahangika tena. Haraka haraka haina baraka.