ALIZETI NA WADOGO WETU

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tuko na wadogo wa miaka 4 ao 5 nyumbani, na kila mara tukishika jembe wako pale wanasumbua. Musiwafukuze. Muwape kazi ya alizeti (wengine wanaita turnesoli). Mbegu yake vidole vya mutoto vinaweza kuishika, na udongo ukiwa na maji inaota karibu siku 7 mpaka 10. Huku Kivu mupande mvua ikirudi, mwezi wa 9.

Kwanza muangalie mbegu. Zile za kununua mara nyingine zimepakwa dawa ya rangi. Hiyo ni sumu, na mutoto anatia kila kitu kinywani. Atumie mbegu safi yenye ganda lake. Iliyokaangwa haioti.

Pahali sherti pawe pa jua, kuku wasifike. Mutoto atoboe kwa kidole tundu la santimetri 2 ao 3, atie mbegu 3, afunike. Kutoka tundu mpaka tundu iwe hatua yake moja ndogo, santimetri 30 hivi. Mustari ukipinda, muuache. Wakubwa wengi wanaharibu hapa: wanapanda wenyewe, mutoto anasimama kuangalia tu, na kisha siku mbili amesahau shamba.

Muche mwingine unatoka na ganda kichwani kama kofia. Asilivute, litaanguka lenyewe. Kazi ngumu ni kupunguza, kwa sababu kati ya miche 3 sherti ubaki 1. Atalia. Mumwambie wazi kwamba chakula cha udongo hakitatosha yote, na achague yeye mwenyewe. Musingoe kwa siri usiku, asubuhi atahesabu.

Sasa ile habari ya kufuata jua. Watu wanasema ua linageuka na jua siku zote. Si vile. Ni muti ungali kijana ndio unageuka: asubuhi kichwa kinaangalia mashariki, jioni magharibi, na usiku kinarudi. Mchana shina linakua zaidi upande wa mashariki, usiku upande wa magharibi, ndiyo maana linapinda. Likiisha kukua, ua linabaki kuangalia mashariki. Mwaka 2016 wataalamu wa California walionyesha faida yake: ua la namna hii linapata joto mapema, na asubuhi nyuki wanalifikia mara 5 kupita lile lililogeuzwa magharibi.

Mutoto anaweza kuhakikisha hayo bila kitabu. Anyooshe mukono kule kichwa kinaangalia, asubuhi na tena jioni, na ninyi muandike katika kaye.

Mgongo wa ua ukigeuka manjano na kisha kahawia, mukate, muanike. Ndege watakuwa wamejua mbele yenu, kwa hiyo mufunike vichwa na kitambaa mapema. Mutoto atenge kiganja kimoja cha mbegu za kupanda tena, na afanye hivyo kabla ya kukaanga. Mukianza kukaanga, hakuna itakayobaki.