SOMO LA ROBO HII: ZAHANATI YETU INAPOKAGULIWA



Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha somo juu ya ukaguzi wa ubora na usalama katika zahanati. Tumelichagua kwa sababu wanakamati wengi bado wanauona ukaguzi kama mtego, na kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kukosea katika jambo hili.

Ukaguzi wa nyota ni nini?

Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilianza kuvipima vituo vya huduma za afya za msingi Tanzania Bara, vikiwemo vya serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi, na kuvipa nyota kuanzia 0 hadi 5. Awamu ya kwanza, ya 2015/16, ilifikia karibu vituo 7,000. Takriban theluthi moja havikupata nyota hata moja, na vilivyofikia nyota 3 vilikuwa vichache mno. Kipimo kilirudiwa 2017/18, na vituo vya nyota 0 vikapungua sana.

Wakaguzi hawamwangalii mganga peke yake. Hutazama uhalali wa kituo, uongozi, matumizi ya takwimu za MTUHA, majengo, usafi na kinga ya maambukizi, huduma za matibabu, na namna wananchi wanavyosikilizwa. Kwa hiyo nyota ni za kamati pia. Mganga Mfawidhi hawezi kuchimba shimo la kondo la nyuma kwa mshahara wake.

Yaliyotupata

Katika awamu ile ya kwanza, zahanati moja ya Dayosisi yetu ilipata nyota 0. Kwenye kikao mzee mmoja wa kanisa aliuliza, "Wafadhili wakisoma hii, nani atatutumia tena fedha za dawa?" Hakuna aliyemjibu. Tukakubaliana taarifa ikae kwenye faili. Katika ripoti ya robo ile tuliandika kwamba zahanati "imekaguliwa na kupewa ushauri." Maneno hayo hayakuwa uongo, lakini yaliwaficha ninyi ukweli. Tunaomba radhi.

Kilichotubadilisha ni ukurasa mmoja wa taarifa, ule wa chumba cha kujifungulia. Kifaa cha kumpa hewa mtoto mchanga asiyepumua, kilichonunuliwa kwa michango yenu, kilikutwa stoo, ndani ya boksi lake, kabati limefungwa. Ufunguo alikuwa nao mtunza stoo, ambaye huondoka alasiri. Akina mama hujifungua hata usiku wa manane, na mtoto asiyepumua anahitaji kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza.

Tulimwuliza mkunga. Alisema, "Mwezi uliopita nilimpoteza mmoja. Nilimtuma mlinzi akamtafute mwenye ufunguo."

Hatuwezi kusema kwamba kifaa kile kingemwokoa mtoto yule. Tunajua tu kwamba hakikuwepo mkononi kilipohitajika, na kwamba kukihamisha kutoka stoo hadi kando ya kitanda cha kujifungulia hakukutugharimu hata shilingi moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tulichojifunza

Tuliitoa taarifa kwenye faili, tukazigawa kasoro mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zisizohitaji fedha, nazo zilikuwa zaidi ya nusu: kuandika jotoridi la friji ya chanjo asubuhi na jioni ili libaki kati ya nyuzi 2 na 8, kutenganisha taka, kubadilisha kasha la sindano zilizotumika linapofika robo tatu, kubandika bei za huduma ukutani. Kasoro hizo tulizimaliza ndani ya robo moja.

Fungu la pili, yaani tangi la maji ya mvua na kichomea taka, tulilipeleka kwa wafadhili pamoja na taarifa yenyewe, bila kuipunguza. Hakuna aliyejitoa. Swali lao lilikuwa moja: tangi litakamilika lini? Kipimo kiliporudiwa, zahanati ilipata nyota 2. Safari bado ni ndefu.

Tukumbuke pia kwamba ukaguzi una mipaka yake. Mkaguzi huona siku moja tu. Kilichopangwa vizuri siku ya wageni kinaweza kurudi stoo kesho yake. Ndiyo maana tunazishauri kamati zijikague zenyewe kila mwezi, bila kutoa taarifa mapema, na angalau mara moja kwa robo zifanye hivyo usiku.

Maswali ya kujadili kwenye kamati

1. Taarifa ya mwisho ya ukaguzi iko wapi, na ni wangapi kati yetu tumeisoma?
2. Mama akija kujifungua saa nane usiku, ni vifaa gani vimefungiwa, na ufunguo anao nani?
3. Ni kasoro zipi tunazoweza kuzimaliza wiki hii bila fedha?
4. Ni jambo gani tunalisita kuwaambia wafadhili, na kwa nini?

Majibu yenu yaleteni ofisi ya miradi kupitia wachungaji wenu. Hata yenye nyota 0 tutayapokea kwa shukrani.