Plagi za Vipokea Sauti Katika Ndege Ndogo: Kuzitambua na Kuzibadilisha Zilizopitwa na Wakati

Ndege ndogo ikitunzwa vema huishi miaka mingi kuliko vyombo vilivyofungwa ndani yake. Cessna 172, kwa mfano, ilianza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1956, na tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya 40,000. Nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zingali zikiruka. Zilipotoka kiwandani, rubani alisikiliza redio kwa spika iliyofungwa darini na kuzungumza kwa maikrofoni ya kushika mkononi. Leo marubani huvaa vipokea sauti vya kichwani vyenye maikrofoni mbele ya mdomo. Kati ya kifaa hicho kipya na nyaya za zamani pana kiungo ambacho mara nyingi husahauliwa: plagi na soketi yake.

Udogo wa kiungo hiki usimdanganye mtu. Redio za ndege za kiraia hutumia masafa ya megahezi 118 hadi 137, na marubani wote walio katika eneo moja hutumia mkondo mmoja kwa zamu. Ikiwa soketi ya maikrofoni imechakaa hata vipande vyake viwili vikagusana, redio yaweza kurusha mawimbi bila ya kitufe kubonyezwa, na kuwazibia wengine wote njia. Hasara ya mawimbi kupandana ilidhihirika Tenerife tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili zilipogongana uwanjani na watu 583 wakafa. Ajali ile ilikuwa na sababu kadhaa, wala haikutokana na plagi. Lakini mojawapo ni kwamba jumbe mbili zilitumwa kwa wakati mmoja, na marubani wa KLM wakasikia mlio mkali badala ya maneno yaliyo kamili.

Aina za plagi

Aina ya kwanza, iliyoenea zaidi katika ndege ndogo, ni plagi mbili zinazokwenda pamoja. Iliyo nene, yenye kipenyo cha milimita 6.35, ni ya kusikilizia. Umbo lake limerithiwa kutoka mitambo ya kuunganishia simu ya karne ya 19. Iliyo nyembamba kidogo, yenye milimita 5.23, ni ya maikrofoni. Hii ina sehemu tatu: ncha, ambayo huwasha kirushio cha redio kitufe kinapobonyezwa, pete, ambayo hupitisha sauti, na shina, ambalo ni njia ya kurudia umeme. Vipenyo hivi vilitofautishwa kusudi, ili plagi ya kusikilizia isiweze kuingia katika soketi ya maikrofoni. Kinyume chake chawezekana: plagi nyembamba huingia katika soketi pana, ikalegea, na isifanye kazi.

Aina ya pili ni plagi moja yenye sehemu nne, ya kipenyo cha milimita 7.1 hivi, inayobeba sauti ya kusikiliza na ya kusema pamoja. Hii ni ya kawaida katika helikopta, na huonekana pia katika ndege zilizokuwa za jeshi.

Aina ya tatu ni ya siku hizi: plagi moja ya pini sita, ambayo pamoja na sauti hupeleka umeme wa kuendeshea vipokea sauti vinavyopunguza kelele za injini.

Umbo pekee halitoshi

Hapa ndipo wengi hukosea. Plagi kuingia sawasawa katika soketi si ushahidi kwamba vyombo viwili vinapatana. Vipokea sauti vya ndege za kiraia huwa na ukinzani wa omu 150 hadi 600, hali vingi vya kijeshi huwa na omu 8 hadi 19 tu. Kifaa cha omu 8 kikifungwa kwenye redio iliyokusudiwa omu 500, sauti hufifia. Na kikichomekwa sambamba na cha abiria, hunyonya mkondo hata wote wawili wasisikie vema. Mita ya umeme itabainisha: ikisoma omu chache tu kwenye plagi ya kusikilizia, kifaa ni cha ukinzani mdogo.

Maikrofoni nazo zina historia yake. Za zamani zilikuwa na chembe za kaboni, ambazo ukinzani wake hubadilika zinapotikiswa na sauti, na kwa hiyo redio ilizipelekea umeme mdogo kupitia pete. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West wa Bell Laboratories walivumbua maikrofoni ya elektreti. Zile za ndege zilipewa kikuza sauti kidogo ndani yake, kinachotumia umeme uleule uliokuwa wa kaboni. Ndiyo sababu maikrofoni mpya yaweza kufanya kazi katika ndege ya zamani. Lakini maikrofoni ya kijeshi ya omu 5, isiyo na kikuza sauti, haitasikika katika redio hiyo.

Jambo jingine ni stirio. Plagi ya stirio ikiingizwa katika soketi ya sauti moja, upande mmoja hugusana na shina, na sikio moja hunyamaza. Vifaa vingi vina swichi ya kuondoa tatizo hili.

Kubadilisha soketi

Kwanza, betri ifunguliwe. Pili, kila waya uandikwe alama na mchoro uchorwe kabla ya kufungua chochote. Tatu, soketi mpya ifungwe kwa washa mbili za kuhami, moja yenye mdomo na moja bapa, ili isiguse bati la ndege. Zikiachwa, umeme wa alteneta hupata njia ya pili kupitia bodi, na rubani husikia mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini.

Nne, kabla ya kulehemu nyaya, mita iwekwe kati ya shina la soketi na bodi ya ndege. Isionyeshe njia yoyote ya umeme. Tano, zitumike nyaya zenye gamba la nyuzi, na gamba hilo liunganishwe na ardhi upande mmoja tu, ule wa redio, isipokuwa mchoro wa mtengenezaji ukiagiza vingine. Sita, kila kiungo kivishwe mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, na nyaya zifungwe imara mbali na minyororo na kamba za usukani. Waya uliolegea nyuma ya dashibodi waweza kuzuia usukani, na hiyo ni hatari kubwa kuliko redio mbovu.

Majaribio

Betri ikiwa bado imefunguliwa, mita iwekwe kati ya ncha na shina la soketi ya maikrofoni. Kitufe kisipobonyezwa, kipimo kisikaribie sifuri, kikibonyezwa, kikaribie. Kisha betri ifungwe, na redio ijaribiwe ardhini, injini ikiwa imezimwa na baadaye ikiwa inazunguka, huku taa ya kurusha mawimbi ikitazamwa. Taa ikiwaka bila ya kitufe kuguswa, ndege isiruke.

Mwisho, kazi hii haikamiliki kwa sauti kusikika tu. Hapana budi ifanywe au ikaguliwe na fundi mwenye leseni, kwa mujibu wa kanuni za nchi ilikosajiliwa ndege, na iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu pamoja na mchoro mpya wa nyaya. Fundi atakayefungua dashibodi hiyo baada ya miaka 20 hatakuwa na mwongozo mwingine.