Usingizi wa Mama Mja Mzito na wa Mtoto Mchanga

Bwana mkulima na Bibi mkulima, somo la mwezi huu si la mbolea wala la dawa ya kupe. Ni somo la usingizi. Labda utacheka na kusema kwamba kulala hakufundishwi. Lakini soma mpaka mwisho, maana jambo hili lahusu uhai wa mama na mtoto.

Kila mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aijua desturi hii: ng'ombe akibakiwa na miezi miwili kabla ya kuzaa, hukaushwa. Hakamuliwi tena, hupewa majani mazuri, na huachwa apumzike, ili ndama azaliwe na nguvu. Hakuna mkulima mwerevu asemaye kwamba hiyo ni hasara. Mtu si mnyama, nasi hatumlinganishi mama na ng'ombe. Lakini tujiulize: katika boma hilo hilo, ni nani aamkaye saa kumi za alfajiri kuwakamua ng'ombe wengine, kisha akachota maji, akapalilia mahindi, akatafuta kuni, na kulala saa tano za usiku? Mara nyingi ni mama mwenye mimba ya miezi minane.

Katika nchi ya wazee, mama huyo angekuwa na mama mkwe, wifi na dada wa kumsaidia. Kwenye skimu mambo ni mengine. Nyumba ziko mbalimbali, kila moja katika shamba lake, na jamaa wengi walibaki nyumbani kwa zamani. Kwa hiyo mapumziko ya mama hayaji yenyewe. Yafaa Bwana na Bibi wakae pamoja na kuyapanga, kama wapangavyo siku za kupanda.

YALIYOONEKANA KWA UCHUNGUZI

Katika mashamba ya Gambia, Afrika ya Magharibi, wataalamu waliona kwamba watoto waliozaliwa majira ya mvua walikuwa wepesi kuliko wengine. Sababu yake ni kwamba wakati huo kazi ya shamba ni nyingi na ghala zimekwisha. Basi katika vijiji 28 walijaribu kuwapa wajawazito biskuti za karanga kila siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 1997. Uzito wa watoto uliongezeka kwa gramu 136 kwa wastani, na katika majira ya njaa uliongezeka kwa gramu 201. Tena watoto waliozaliwa wafu walipungua. Basi kazi nyingi na chakula kidogo humfikia mtoto hata tumboni.

Huko San Francisco, Marekani, wataalamu wawili waliwafuata wanawake 131 katika mwezi wa mwisho wa mimba na kupima usingizi wao. Habari zao zilitolewa mwaka 2004. Wanawake waliolala chini ya saa 6 kila usiku walikaa na uchungu wa kuzaa muda mrefu zaidi, na wengi wao zaidi walizaa kwa kupasuliwa. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo, lakini unaonya.

Jambo la tatu ni namna ya kulala. Mwaka 2011 wataalamu wa Auckland, New Zealand, walieleza kwamba mama anayelala chali katika miezi ya mwisho yumo katika hatari zaidi ya kuzaa mtoto mfu. Mwaka 2013 uchunguzi wa wanawake 220 katika hospitali ya Korle Bu, Accra, Ghana, ulionyesha hatari hiyo hiyo, na pia watoto wenye uzito mdogo. Mwaka 2019 hesabu za nchi kadhaa ziliwekwa pamoja, zaidi ya wanawake 3,000. Ilionekana kwamba kwa mama aanzaye usingizi chali, baada ya wiki 28 za mimba, hatari hiyo ni zaidi ya mara mbili. Wengi waliolala chali walizaa salama. Lakini kujigeuza hakuna gharama, basi kwa nini tuache?

Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Kando ya uti wa mgongo upo mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Mama akilala chali, mtoto na maji yake huulalia mshipa huo, kama mtu akanyagaye mpira wa maji bustanini. Damu hupungua, na mtoto hukosa hewa ya kutosha.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUZAA

1. Tangu mwezi wa saba, mama alale kwa ubavu kila mara aanzapo usingizi, usiku na mchana. Ubavu wa kushoto au wa kulia, yote mawili ni salama. Akunje blanketi au gunia safi na kuliweka mgongoni, lisimwache ageuke chali. Akiamka na kujikuta chali, asiogope. Ajigeuze tu na kulala tena.

2. Apate saa 8 za kulala usiku, na mapumziko kidogo baada ya chakula cha mchana. Ukamuaji wa alfajiri na mitungi ya maji ushikwe na Bwana au watoto wakubwa. Kupulizia dawa za mimea na mifugo si kazi ya mama mja mzito hata siku moja.

3. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hasa penye mashamba ya mpunga na mifereji. Malaria humaliza damu ya mama na kumdhoofisha mtoto. Katika sehemu za Ziwa Victoria na za pwani, kliniki hutoa pia vidonge vya kuzuia malaria. Avimeze mbele ya mwuguzi.

4. Ameze kila siku vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Miguu isiyotulia usiku huweza kuwa dalili ya upungufu wa damu. Chai anywe saa moja au zaidi baada ya chakula, kwa kuwa huzuia mwili kupata nguvu hiyo ya damu. Tena chai nyingi ya jioni hufukuza usingizi.

5. Aanze kliniki kabla ya miezi mitatu kwisha. Shirika la Afya la Dunia lilishauri mwaka 2016 kwamba mama aonane na wauguzi mara 8 kabla ya kuzaa. Kama ameanza kukoroma baada ya kushika mimba, aseme, apimwe msukumo wa damu.

Akiumwa sana na kichwa, akiona kiwi, akivimba uso, akitokwa na damu, au mtoto akipunguza kucheza, asingoje asubuhi. Aende hospitali saa ile ile.

BAADA YA KUZAA

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa watu hukosea. Mama alilala kwa ubavu. Mtoto mchanga alazwe chali. New Zealand ilipowafundisha wazazi mwaka 1991 wasiwalaze watoto kifudifudi, vifo vya ghafula vya watoto usingizini vilipungua sana. Mtoto alale mahali pa kukaza, bila mto wala blanketi zito usoni. Mtu aliyekunywa pombe asilale kitanda kimoja naye.

Katika nyanda za baridi kama Kinangop, watu wengine huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Usifanye hivyo. Moshi wake usioonekana huua watu wote chumbani wakiwa usingizini. Mvike mtoto nguo za joto, na jiko libaki nje.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, mchana na usiku, na maziwa ya mama peke yake yamtosha kwa miezi sita. Basi mama hawezi kupata usiku mzima wa kulala. Dawa ni moja: mtoto alalapo mchana, mama naye alale, na wengine wapike na kufua. Majirani wa skimu waweza kupeana zamu, kama wapeanavyo zamu ya kupeleka maziwa.

Mama akiwa na huzuni kwa zaidi ya wiki mbili, akikosa usingizi hata mtoto alalapo, huo si uvivu wala uchawi. Ni ugonjwa unaotibika. Bwana ampeleke kliniki mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA CHAMA CHENU

1. Nyumbani kwako, ni nani atakayekamua alfajiri mama akifika mwezi wa saba?
2. Kwa nini mama hulala kwa ubavu, na mtoto mchanga chali?
3. Ni majirani gani watatu wanaoweza kumsaidia mama baada ya kuzaa? Waandike majina yao sasa, kabla siku haijafika.