Uchaguzi wa Mississippi 1903: Tuulize Nani Alipiga Kura

Tukisoma historia ya uchaguzi, wengi wetu tunakimbilia kuuliza nani alishinda. Swali ni halali, ila halitoshi. Chukua uchaguzi wa gavana wa jimbo la Mississippi, Marekani, mwaka 1903.

Kabla ya hapo, mgombea wa chama cha Democratic alipatikana kwenye mkutano wa wajumbe. James K. Vardaman, mhariri wa gazeti, aliomba uteuzi mwaka 1895 na 1899, akakosa mara zote mbili. Sheria ya 1902 ikaleta kura za maoni: wapiga kura wa chama wachague wenyewe. Agosti 1903 Vardaman akamshinda Frank Critz katika duru ya pili. Novemba akapita bila kupingwa. Ukiishia hapo utasema safi, wananchi wamepewa sauti.

Ngoja kwanza. Wananchi gani? Weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo. Lakini katiba ya 1890 ilimtaka mpiga kura awe amelipa kodi ya kichwa, dola 2 kwa mwaka, na aweze kusoma kifungu cha katiba au kukieleza akisomewa. Aliyepima maelezo hayo ni mwandikishaji. Mzungu asiyejua kusoma aliweza kupitishwa, mweusi msomi akaangushwa. Na kura zenyewe za maoni chama kilizifanya za wazungu tu. Wanawake wa rangi yoyote hawakuwa na kura.

Sasa hapa ndipo panapotugusa sisi tunaosomea ualimu. Vardaman alizunguka jimbo akihubiri kwamba elimu inamharibu mtu mweusi, na kwamba kodi ya wazungu isisomeshe watoto weusi. Mpango wake wa kugawa fedha za shule kwa rangi haukupita. Lakini mwaka 1904 alikataa kuidhinisha fedha za chuo cha ualimu cha serikali kilichokuwa Holly Springs, kilichoandaa walimu weusi. Chuo kikafungwa.

Tazama mzunguko huo. Mwalimu akikosekana, mtoto hasomi. Asiposoma, haandikishwi kupiga kura. Asipopiga kura, gavana hana sababu ya kumwogopa, na chuo kinafungwa. Majaribio yale ya kusoma yalisimamishwa na sheria ya shirikisho ya haki ya kupiga kura mwaka 1965, yaani miaka 75 baada ya katiba ile.

Kwa hiyo ukikutana na uchaguzi wowote, uwe wa kwenye mtihani au wa serikali yetu ya wanafunzi, uliza mambo matatu. Nani aliruhusiwa kuandikishwa? Nani aliwachuja wagombea kabla ya siku ya kura? Na waliobaki nje, walinyang'anywa nini baadaye? Huko Mississippi, jibu la swali la tatu ni chuo cha ualimu.